Barua kwa mwanangu: Jumapili ya maharage

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema mama mkwe wako anadai mjukuu wa tatu, umesema umechoka, umesema ya kazini. Kisha mwishoni kabisa, sauti ikiwa imeshuka, ukauliza: "Hivi Bibi alitaka watoto kumi na mmoja, au walikuja tu?" Swali kama hilo siwezi kulijibu kwa kubonyeza simu huku bodaboda ananisubiri mlangoni. Nimechukua kalamu.

Kwanza tuweke hesabu sawa. Alizaa kumi na watatu. Kumi na mmoja ndio mliowajua ninyi. Wawili walikwenda kabla ya kutambaa, na Mama aliwataja kila usiku baada ya rozari, kwa zamu yao, kama sisi wengine. Mimi kwa waliobaki ni wa saba, na mara nyingi jina langu likifikiwa nilikuwa nimeshalala, mjomba wako ananifinya paja ili niitikie. Na Mama mwenyewe alikuwa analala! Katikati ya Salamu Maria sauti inazama, kidevu kinagusa kifua, lakini vidole vinaendelea kusogeza punje moja moja. Babu yako alikuwa akisema kaoa Mkristo pekee wa Umatengo, milima yetu ya Mbinga, anayesali huku anakoroma.

Najua mnavyomsimulia ninyi wajukuu. Bibi mpole, Bibi mtakatifu. Mama hakuwa mpole. Nilisema hivyo hata msibani, dada zangu wakanikanyaga mguu. Alikuwa mkaidi asiye na muda wa kugombana, watu wakaona ni upole.

Zile ngoro, mashimo ya mashamba yetu ya mteremko, ulizipiga picha ukiwa ndani ya gari tulipokwenda kumzika, ukasema mlima umekuwa kama sega la nyuki. Ni kweli, ukiwa mbali. Ukiwa karibu ni hivi: wanaume wanafyeka nyasi kwa nyengo, wanazilaza kwa mistari inayokatana, mraba kwa mraba, mteremko mzima. Hapo kazi yao imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi pande zote nne. Katikati panabaki shimo, kandokando panainuka tuta. Mvua ikija maji yanatua shimoni badala ya kulibeba shamba kulipeleka mtoni, nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kule kwetu kupima udongo, maji, mteremko. Mama aliwatazama wiki nzima, akasema, "Wamepima kila kitu isipokuwa mgongo."

Mwezi wa tatu tunapanda maharage juu ya matuta, Desemba mahindi. Kahawa ilikuwa ya babu yako, na fedha ya kahawa tuliisikia tu ikizungumzwa. Maharage yalikuwa ya Mama. Kumbuka hapo, maana ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mwaka 1980 nilikuwa darasa la saba. Nyakati zile kuchaguliwa kwenda sekondari ilikuwa bahati ya mtoto mmoja au wawili katika shule nzima, wasichana ndiyo usiseme. Lakini Mama, mtihani hata sijaufanya, aliniambia katika maharage ya mwaka huo gunia moja ni langu. Sanduku la bati, viatu, shuka mbili. Alisema mara moja tu, tukiwa tunateka maji, na mimi nikalitunza neno hilo kama yai.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita tuling'oa maharage kutwa nzima, tukayaacha juu ya matuta yakauke, tuje kuyapura Jumatatu. Jumapili alfajiri likapanda wingu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwezi wa sita, mwanangu, mvua haina ruhusa tena! Majirani wote wakateremka mashambani na vikapu. Mama alikuwa amesimama uani amevaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kile kimoja, anamfunga mdogo wangu lemba.

Babu yako hakuwa mtu wa dini sana ila Maandiko aliyajua akiyahitaji. Akamwambia, "Yesu mwenyewe alisema kondoo akitumbukia shimoni siku ya sabato, mtoe. Maharage yako yamo kwenye mashimo mangapi pale?"

Mama akamalizia fundo la lemba, akasema, "Yako juu ya matuta."

Tukaondoka. Misheni ya Litembo kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mvua ilitukuta tukiwa tumeshakaa kwenye mabenchi, padre anasoma Injili. Bati lilipiga kelele hata hatukumsikia. Mimi niligeuka kumtazama Mama. Yeye hakugeuka, wala kutazama juu. Nilimchukia. Leo nikiandika neno hilo mkono unasita, lakini ndilo.

Ilinyesha siku tatu. Tuliporudi kuyageuza, maharage yalikuwa yametoa vimkia vyeupe, yameota ndani ya maganda. Mazuri tuliyachambua tukala, mengine wakapewa nguruwe. Nguruwe wa babu yako walikula viatu vyangu.

Padre alipopata habari alihuzunika, akamweleza Mama kwamba Kanisa halikatazi mtu kuokoa mavuno yake siku ya Bwana ikibidi. Mama akamjibu, "Padre, ungesema Jumamosi." Na mwaka uliofuata, likapanda wingu jingine, akavaa kitenge kilekile akaenda. Huyo ndiye mpole wenu.

Desemba nilichaguliwa. Gunia hakuna. Baba yangu mdogo alikuwa amerudi kutoka vita vya Kagera na sanduku la jeshi, kijani, jina na namba yake vimeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko. Akanipa. Nikaingia bwenini na sanduku hilo kichwani, mtoto wa miaka kumi na minne, miguu mitupu, na kabla ya chakula cha jioni wasichana wote walikuwa wananipigia saluti. Sasa umejua kwa nini mama zako wadogo wa Songea, wale tuliosoma pamoja, wananiita Afande mpaka leo. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya ukali wangu. Ningeweza kukuacha uendelee kudhani hivyo.

Lakini hayo nilishayameza. Lisilomezeka ni la mwaka 1983.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo fupi ya Pasaka. Jumapili ya Matawi nilichelewa kutoka kanisani, nikabaki na rafiki zangu, nikapita njia ya juu. Kwa chini yangu kulikuwa na shamba la mama mmoja aliyekuwa amejifungua mapacha, mumewe kaenda kutafuta maisha harudi wala haandiki. Shemeji zake walikuwa wamemlazia nyasi, wakaishia hapo kama kawaida yao. Nyasi zimenyauka, mwezi wa tatu unaisha, hakuna wa kufukia, na asiyefukia hapandi.

Mama alikuwa mle ndani, anachimba. Kitenge cha WAWATA kimekunjwa mpaka magotini. Tawi lake la asubuhi kalichomeka kwenye tuta. Kitinda mimba wetu yuko mgongoni, kichwa kinaning'inia, kila jembe likishuka kichwa kinapiga bega.

Nikamwita nikiwa juu: "Mama, leo Jumapili."

Hakunyoosha mgongo. "Shamba la nani hili?"

"La Mama Mapacha."

"Basi sifanyi kazi."

Hiyo tu. Akaendelea. Nilisimama pale muda ambao sijui ni kiasi gani. Jembe la pili lilikuwepo, nililiona, limelala kando ya njia. Sikulichukua. Nilikwenda nyumbani nikawasha moto, nikajifanya nina kazi za jikoni. Hilo la jembe la pili sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Unaniona ninavyozunguka? Nikisema alikuwa sahihi, gunia langu linanung'unika. Nikisema alikosea, nauona ule mgongo. Viatu havikuniuma sana, nilivaa vya mtu mwingine na nikasoma. Kilichoniuma ni kwamba kumbe Jumapili ilikuwa inapindika. Ilipindika kwa Mama Mapacha na watoto wake wawili. Kwangu mimi, mtoto wake wa kumzaa, ilisimama wima kama nguzo.

Halafu najijibu mwenyewe: labda ndiyo maana. Labda kwake sisi hatukuwa watu wengine. Kufanya kazi kwa ajili yetu kulikuwa kujifanyia mwenyewe, na kujifanyia mwenyewe ndiko alikokatazwa. Nimekaa na wazo hilo miaka mingi na kuna siku linanitosha. Siku nyingine nasema, alikuwa mkaidi tu, basi. Hakuwa mpole.

Na kuna jambo jingine ambalo nililiona nikiwa na watoto wangu, si kabla. Wewe na kaka yako mlinifunza bila kujua. Siku sita Mama hakuwa na kichwa kitupu: ni ndoo, ni kuni, ni kikapu, na mgongoni mtoto. Zile saa mbili za kwenda misheni na saa mbili za kurudi ndizo pekee nilizomwona akitembea mikono ikining'inia, dada mkubwa kabeba mtoto. Alikuwa anatembea taratibu kuliko sisi sote. Tulikuwa tunamsubiri kwenye kila kona. Na alasiri ananyoosha miguu kwenye mkeka, hakuna wa kumpanda mapajani, hata anayenyonya anangoja. Nilidhani ni ibada. Ilikuwa ibada, simkosei heshima. Ila sasa nasema, ukiniuliza Mama alitaka nini, najua kwa uhakika kitu kimoja: alitaka Jumapili. Ndicho kitu pekee nilichomwona akikikatalia mume, mvua na padre. Na siku ile ya Matawi alikichukua akampa mwanamke ambaye hata si wa ukoo wetu.

Sijajibu ulichouliza. Najua.

Nilimuuliza mwenyewe, kama hilo litakusaidia. Ilikuwa 2001, wewe bado mdogo, nilikuwa nimempelekea sukari na dawa za mguu. Tulikuwa wawili tu jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nikajikaza, nikasema, "Mama, sisi wote hawa, ulitutaka?"

Akachambua, akatupa jiwe moja nje ya mlango, akasema, "Muulize baba yako."

Babu yako tulikuwa tumeshamzika miaka sita.

Nikangoja aongeze kitu. Akacheka kidogo, puani, kisha akaanza kutaja majina yetu kwa sauti ya chini, wote kumi na watatu, kwa mpangilio, kama anahesabu mifuko. Alipofika kwangu akanyamaza, akanitazama, akasema, "Wewe ulikuwa unalala." Akaendelea na wa baada yangu.

Kuhusu huyo mjukuu wa tatu, mwambie mama mkwe wako nimemsalimu sana na namheshimu. Wewe na mumeo mna akili zenu. Mimi nina neno, tena nimekuwa nalo tangu dakika ya kwanza ya ule ujumbe wako. Silisemi. Ukija Desemba uje na watoto, na ukilala chumba cha nyuma usiseme tena kile kisanduku cha kijani kinakukwaza miguu, hakiondoki.

Mama yako