Muulize Fundi: Mifuko 4 kwa Mita 12

Masika ikikatika, barua za njia za zege huzidi za paa. Hizi ndizo za toleo hili. Zinazouliza bei nimeziweka kando, maana bei ya mfuko wa simenti nitakayoandika leo mtaisoma imeshabadilika.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama mwenye nyumba Mbagala, nina wapangaji wa vyumba vya uani. Mwaka jana kabla ya masika nilimwita fundi animwagie njia ya zege kutoka getini hadi uani, urefu mita 12, upana mita 1, unene aliniambia inchi 4. Nilinunua mifuko 4 ya simenti, akasema inatosha kabisa. Sasa njia imepasuka katikati kwa urefu, upande wa chini ya bati umeliwa, na kila nikifagia natoa unga wa kijivu. Yeye anasema simenti ya siku hizi si ile ya zamani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mama. Simenti tuiache kwanza, tupige hesabu. Mita 12 kwa mita 1 kwa sentimita 10 (ndizo hizo inchi 4) ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simenti kipimo 1, mchanga 2 na kokoto 4, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na kitu ya kilo 50. Njia yako ilitaka mifuko 8, kasoro kidogo. Wewe ulitoa 4. Hapo ni mawili: ama zege lina sentimita 5 tu, ama alijaza mchanga na kokoto maradufu ili simenti ifike mwisho wa njia.

Kujua ni lipi, chukua tindo na nyundo, vunja kipande, upime kwa rula ya mtoto wa shule. Lakini vunja katikati, kwenye ule ufa, usivunje ukingoni. Wapo wanaopanga mbao za inchi 4 pembeni, mwenye nyumba akija na futi anapima ubao na kuridhika, kumbe katikati udongo umeachwa na tumbo. Zege linakuwa nene kingoni na jembamba katikati, panapokanyagwa. Njia kupasuka kwa urefu wake wote katikati ndivyo inavyokuwa.

Unga wa kijivu nao una chanzo chake, na hicho ni maji. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, ndoo ya lita 20 na robo yake. Mchanga ukiwa umelowa, pungufu ya hapo. Vibarua wanapenda zege la maji mengi kwa sababu linajitandaza lenyewe na chepe halichoshi. Simenti huchukua maji inayoyahitaji tu. Yanayobaki hupanda juu na simenti laini pamoja na vumbi la mchanga, jua likiyafyonza yanaacha vitundu ndani na ngozi dhaifu juu. Ngozi hiyo ndiyo unayoifagia. Mbaya zaidi ni fundi anayeona maji yamesimama akayanyunyizia simenti kavu ili amalize kazi mapema. Hapo uso hubanduka vipande vipande.

Saiti nina kipimo cha ndoo, na wewe kitumie hata kama fundi atanuna. Jaza zege kwenye ndoo ya lita 10, lichomechome kwa kipande cha nondo, igeuze juu ya ubao, inua ndoo polepole. Likishuka kama robo ya kimo chake, limwagwe. Likilala chini lote, lirudi kwenye lundo liongezewe simenti, mchanga na kokoto kwa vipimo vile vile. Kuongeza mchanga peke yake ni kuharibu mara ya pili.

Halafu barua yako nzima haina neno la kumwagilia. Zege halikauki likawa gumu, linakuwa gumu kwa kukaa na maji. Likishakaza kiasi kwamba kidole gumba hakiachi alama, lifunike kwa magunia yaliyolowa au nailoni, na lisikauke kwa siku 7. Jua la Dar es Salaam la mchana mmoja tu, likilikuta wazi, linatosha kulipunguzia nguvu juu.

Upande ulioliwa chini ya bati ni kesi nyingine, na hapo fundi wako hana lawama peke yake. Bati bila gata linamwaga maji kwenye mstari ule ule masika nzima, yanachimba uso na kupenya ukingoni kula udongo ulioko chini. Weka gata. Hela isipotosha, acha ukanda wa kokoto tupu wa sentimita 40 chini ya mchirizi wa bati, njia ipite nje yake.

Sasa matengenezo. Usikubali kupigiwa ripu (plasta ya simenti na mchanga) juu ya hiyo njia, utalipa na baada ya miezi utafagia tena. Vunja, lakini usitupe kifusi. Chimba sentimita 20, toa udongo wenye mizizi na takataka, shindilia, panga vipande vya zege la zamani, jaza moramu (udongo wa changarawe), mwagia maji, shindilia tena mpaka kisigino cha buti hakiachi alama. Hiyo ndiyo kazi inayorukwa, maana mwenye nyumba haioni ikishafunikwa. Juu yake sentimita 10 za zege, na safari hii kamba ivutwe kutoka ubao hadi ubao upime kina katikati kabla hata toroli moja halijamwagwa.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita ya upana, maji yaende mbali na ukuta. Uso wa njia ubaki chini ya sakafu ya vyumba kwa sentimita 15 angalau, la sivyo wapangaji watakuletea kesi ya ukuta wenye unyevu. Kila mita 1 na nusu kata mstari wa kukatiza njia, kina cha sentimita 2.5, zege likiwa bado bichi. Zege litasinyaa tu, na likisinyaa litapasuka. Ukilikatia mstari, ufa unapita humo ndani na hauonekani. Panapokutana na ukuta au nguzo ya geti, tenganisha kwa ukanda wa sponji. Kama chemba ya choo imo njiani, mfuniko wake ubaki huru. Na kabla ya kumwaga, laza bomba tupu la inchi 2 kukatiza chini ya njia. Iko siku utataka kupitisha waya au maji.

Ukimtaka fundi yule yule arudi, sina neno, ila simenti ihesabiwe ninyi wawili mkiwepo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina mgahawa Morogoro mjini. Mbele nilimwagiwa zege likapigwa niru (rojo la simenti tupu la kulainisha uso), linang'aa vizuri sana, lakini mvua ikinyesha wateja wanateleza na juzi mzee mmoja ameanguka. Pia pana ngazi ya sentimita 15 mlangoni, na nina mteja wa kiti cha magurudumu ambaye kila siku watu wanambeba. Nifanyeje bila kuvunja yote?

JIBU: Dada, mpe mzee pole yangu. Niru ni ya chumbani na sebuleni. Nje, ikipata maji na tope la viatu, ni sabuni.

Huna haja ya kuvunja kama zege lenyewe ni zima. Mtafute mwenye grainda ya kukatia vigae, akuchoree mistari ya kina cha milimita 3 au 4, ikatize mwelekeo watu wanavyotembea, nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya mstari na mstari. Akate kwa maji, avae miwani na barakoa, maana vumbi hilo likikauka hewani linaharibu mapafu yake na ya wateja wako. Fanyeni siku mgahawa umefungwa.

Ukija kumwaga zege jipya, dawa ni fagio la chelewa. Subiri maji ya juu yapotee, uso uwe umefifia mng'ao, kidole gumba kikiacha alama hafifu. Vuta fagio mara moja tu kutoka ukingo huu hadi ule, unyanyue, uanze mstari wa pili. Ukirudia palepale unachimbua kokoto. Fagio likizama na kubeba rojo, umewahi mno, nenda kanywe chai urudi. Brashi za dukani ninazo, lakini michirizi ya chelewa ni mizuri zaidi na mvua haiifuti.

Mlangoni jenga mteremko wa 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi yako ya sentimita 15 inataka mita 1.8. Najua utaona inameza nafasi ya meza mbili. Wenye maduka wengi hufanya mita moja wakasema tayari wana njia ya walemavu. Ule ni wa kuteremshia magunia, mtu wa kiti akiushuka peke yake anaweza kwenda mzimamzima. Upana uwe mita 1.2, kingo mbili zilizoinuka kidogo pembeni gurudumu lisitoke, na juu mlangoni pabaki tambarare mita 1 na nusu ili asimame akivuta mlango. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike, kwa hiyo si hisani unayomfanyia.

SWALI: Kaka fundi, jirani ananiambia njia bila nondo ni kazi bure. Nipo Ukonga, ni njia ya kutembea tu.

JIBU: Jirani ana nia njema na hela zako. Njia ya miguu, udongo ukiwa umeshindiliwa na mistari ikikatwa, sentimita 10 bila nondo inatosha. Nondo hazizuii zege kupasuka, zinaushika ufa usifunguke. Ziweke pale gari linapopita, na hapo unene nao upande hadi sentimita 15. Ukiziweka, wavu uinuliwe juu ya vitofali vidogo vya zege. Nimeona mara nyingi wavu umelazwa chini juu ya udongo na zege likamwagwa juu yake. Hizo ni hela zilizozikwa, hazishiki kitu na zinaoza.

SWALI: Tuko Dodoma, kiwanja chetu ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia. Njia mbili zimeshakatika.

JIBU: Udongo huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, zege haliwezi kushindana nao. Uchimbeni utoke, nusu mita kama uwezo upo, mjaze moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe peke yake. Mtaro wa maji uwe kando, usiachie maji yasimame karibu na njia. Kwa kiwanja cha namna hiyo mimi ningeacha zege la kumwaga kabisa, ningepanga pevingi, zile tofali za zege za kupanga chini ambazo Kenya wanaziita kabro: sentimita 6 kwa miguu na gari dogo, 8 kwa malori, juu ya moramu na tabaka jembamba la mchanga, kingo zifungwe imara kwa zege. Zikititia unazinyanyua, unasawazisha, unazirudisha.

SWALI: Niko Kigamboni, mchanga wa ufukweni uko mlangoni. Nitumie?

JIBU: Hapana. Una chumvi inayokula nondo na kutoa ukungu mweupe juu ya zege, tena ni mwembamba wa saizi moja na unataka maji mengi. Nunua mchanga wa mto ulio msafi. Uufikiche kiganjani, ukiacha tope, ukataliwe kabla gari halijamwaga.

SWALI: Zege langu limemwagwa Jumamosi. Bodaboda ipite lini?

JIBU: Watu wapite baada ya siku 2, bodaboda baada ya wiki, gari baada ya siku 28. Ile 32.5 au 42.5 unayoiona kwenye mfuko wa simenti ni nguvu inayopimwa siku hiyo ya 28. Mlangoni weka mbao za kukanyagia. Mbwa na kuku hawasomi gazeti, kwa hiyo zungushia kamba yenye vitambaa na mtu alinde usiku wa kwanza.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni saidia fundi, Tandika. Tukimwaga zege navaa malapa. Jioni vidole vya miguu na magoti vinachubuka, mengine yanakuwa vidonda. Wenzangu wanasema ni kuzoea tu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kuzoea, unaungua. Simenti ikikutana na maji inakuwa kali kwenye ngozi, na inaunguza polepole bila kuuma, ndiyo maana unagundua jioni. Wengine inawaletea mzio, kila wakiigusa tena mikono inawasha na kupasuka, wakaiacha kazi.

Vaa gambuti, glavu za mpira na suruali ndefu. Suruali ivae juu ya gambuti, usiichomeke ndani. Zege likikuingia ndani ya buti, vua palepale, usisubiri karai ya mwisho. Osha kwa maji mengi safi, si maji ya pipa la kuchanganyia, na usifute kwa kitambaa kikavu. Ukipiga magoti kusawazisha, weka kipande cha ubao au nailoni nene chini. Hapo kwenye magoti ndipo nilipoona vidonda vibaya kuliko vyote, kwa sababu suruali inalowa zege na kushikamana na ngozi saa nzima.

Vidonda ulivyo navyo sasa vipeleke zahanati kabla ya kurudi saiti. Na likikurukia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 huku umelifungua jicho kwa vidole, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yameisha.