Nikila tu, haja hunibana: je, chakula kimepita bure?

SWALI: Mhariri, kila nimalizapo mlo wa asubuhi, hata kabla sijainuka mezani, haja kubwa hunibana. Jamaa zangu husema tumbo langu halishiki chakula, na kwamba ninachokula hupita tu na kutoka. Je, ni kweli? Na kama kinyesi ni mabaki ya chakula, mkojo nao ni mabaki ya maji tunayokunywa?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kinachotoka wakati huo si chakula ulichokula muda huo, bali ni cha jana au cha juzi. Tumbo linapotanuka kwa kupokea mlo, mishipa ya fahamu na homoni huuchochea utumbo mpana ujikaze na kusukuma kinyesi kilichokwisha kukusanyika humo, na msukumo huo huwa na nguvu zaidi asubuhi. Ni ishara kwamba mwili unafanya kazi yake, na ni vyema kuiitikia pasipo kuahirisha.

Mlo wenyewe ungali tumboni, ukisagwa na kuchanganywa na asidi pamoja na vimeng'enya vinavyoanza kuvunjavunja protini, kazi ambayo huchukua saa kadhaa. Jambo hili lilishuhudiwa kwa macho na daktari wa Marekani, William Beaumont, aliyemtibu Alexis St. Martin, kijana aliyepigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1822 na kubaki na tundu la tumbo lisilofunga. Beaumont alifunga vipande vya chakula kwa uzi, akavitumbukiza tunduni na kuvivuta baada ya muda ili aone vilivyoyeyuka. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1833. Sina hakika kama leo kuna kamati ya maadili ambayo ingemruhusu.

Kutoka tumboni, chakula kilichokwisha kuwa uji huingia kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, ambako nyongo kutoka kwenye ini huyatawanya mafuta, na vimeng'enya vya kongosho huvunja wanga, protini na mafuta hayo hadi yawe madogo kiasi cha kupenya kuta za utumbo. Hapa ndipo karibu virutubisho vyote hufyonzwa. Hata maji hufyonzwa hapa kwa wingi: kwa siku, lita 9 hivi za majimaji hupita humo, na sehemu kubwa ya hizo si maji uliyokunywa bali ni mate, nyongo na majimaji mengine ambayo mwili wenyewe umeyatoa. Utumbo mpana hupokea lita 1 au zaidi kidogo, hufyonza karibu yote, na kinachobaki ni kinyesi.

Kuhusu kinyesi, jina la "mabaki ya chakula" halitoshi. Takriban robo tatu yake ni maji, na katika robo iliyosalia sehemu kubwa ni bakteria, walio hai na waliokufa, pamoja na nyuzinyuzi zisizomeng'enyeka, mafuta kidogo na seli zilizobanduka kwenye kuta za utumbo. Hata rangi yake ya kahawia chanzo chake ni seli nyekundu za damu zilizozeeka, ambazo ini hutoa masalia yake kupitia nyongo, na ndiyo sababu kinyesi kilichopauka na kuwa cheupe humfanya daktari achunguze njia ya nyongo.

Mkojo hautoki utumboni kamwe. Hutoka kwenye damu. Figo huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku, hurudisha karibu zote, na kuacha lita 1 hadi 2 zitoke zikiwa na chumvi za ziada na urea, ambayo ini huitengeneza kutokana na protini. Wanga na mafuta yaliyokwisha kutumika kama nishati huondoka kwa njia nyingine: hugeuka kuwa maji na kaboni dioksidi, ambayo tunaitoa kwa pumzi. Kwa hiyo taka halisi za chakula kilichotumika mwilini hutoka zaidi kwa mkojo na mapafu kuliko kwa haja kubwa.

SWALI: Ni mara ngapi kwenda haja kubwa huhesabiwa kuwa kawaida?

JIBU: Kuanzia mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki, mradi hakuna maumivu wala kujikamua. Muone daktari ukiona damu, kinyesi cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, au mabadiliko ya mazoea yako yanayodumu kwa majuma kadhaa.