Bogenvilia ya mama inachipua, kisha inakufa

SWALI: Shikamoo Bibi. Nyumba ya marehemu mama hapa Tanga imeuzwa, tunaikabidhi mwisho wa Januari. Ukutani, upande wa kisima, kuna bogenvilia ya zambarau aliyoipanda nikiwa darasa la tatu. Nimekata vijiti mara mbili, nikavipanda kwenye makopo ya maziwa yenye udongo mweusi na samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Kila mara vinatoa majani, nafurahi, halafu wiki ya tatu vinanyauka vyote. Nikivichomoa, chini ni vyeusi na vinanuka. Nakosea wapi?
Binti wa Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Hayo majani ndiyo yaliyokudanganya. Kijiti cha bogenvilia kina akiba ya chakula ndani yake, na kwa akiba hiyo kinaweza kuchipua kabla hakijatoa hata uzi mmoja wa mzizi. Wewe ukiona kijani unadhani kimeshika, kumbe bado kinaishi kwa ile akiba. Maji unayokipa asubuhi na jioni hakina cha kuyanywea, yanatuama pale kilipokatwa mpaka panaoza. Samadi nayo, hasa ikiwa haijaiva, inaunguza kidonda.

Sasa anza upya, na safari hii ukate ishirini. Mimi naotesha maua ya kuuza hapa Unguja mwaka wa 27 huu, na bado bogenvilia ikinipa nusu ya nilivyopanda nashukuru.

Kata asubuhi, kwa kisu kikali ulichokiosha. Usichukue ncha laini za kijani wala shina kuukuu lenye magamba. Tafuta tawi la unene wa penseli, ambalo ganda lake limeanza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Kila kijiti kiwe na urefu wa shibiri moja na macho manne hivi, yaani pale majani yanapochipukia. Chini kata mshazari, karibu kabisa na jicho. Juu kata sawasawa, ili usije ukakipanda kichwa chini. Ondoa majani yote na maua yote. Ukilitazama ua lenyewe kwa karibu, utaona ile zambarau ni majani matatu membamba kama karatasi, na ua halisi ni kale kamrija kadogo kenye nyota nyeupe katikati. Vyote hivyo vinakula akiba ya kijiti, viondoe bila huruma.

Kopo litoboe kitako, matundu manne au matano. Weka mchanga wa mtoni nusu na vumbi la makumbi ya nazi nusu. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Fukia macho mawili, shindilia kwa vidole, mwagilia mara moja, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na uweke kivulini, chini ya mwembe hivi. Baada ya hapo, kila siku tia kidole mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka na unyevu, usimwagilie.

Na usichomoe kuangalia! Subiri wiki sita, nane, pengine hata miezi mitatu. Siku utakapoona nyuzi nyeupe zikichungulia kwenye matundu ya kitako, hapo kimeshika kweli.

Kijiti kimoja kopo moja, nakuomba. Mizizi ya bogenvilia inakatika kama tambi kavu. Niliwahi kupanda thelathini kwenye sanduku moja, vikashika vizuri mno, na siku ya kuvitenganisha nikapoteza karibu vyote. Niliumia sana. Ukifika wakati wa kuhamishia ardhini, likate kopo, utoe donge zima bila kulitikisa.

Kama kuna asumini hapo uani, chukua pia. Hiyo si ngumu, wiki nne hadi sita inakuwa tayari.

Usingoje Januari. Kata wiki hii, mvua za vuli zingali zinanyesha na hewa ina unyevu, ili hata vikifa vyote upate nafasi ya kurudi kukata tena kabla ya kukabidhi funguo. Na siku hiyo ya funguo, mwombe mwenye nyumba mpya akuruhusu urudi masika. Wengi hukubali.