Kama umeikumbuka gemu yako ya zamani, usirudi peke yako

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa ofisini kwetu hapa Dodoma kanifuata mezani, kaniinamia, kaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, hivi ile gemu ya kuua ng'ombe na kuuza ngozi bado ipo?" Nikajua hapo hapo anaongelea RuneScape, ile gemu ya mtandaoni tuliyocheza utotoni. Nikamjibu ipo, ile ya zamani siku hizi inaitwa Old School RuneScape na unacheza hata kwenye simu, ila nikamwomba asiishushe kwanza mpaka tukae tuongee. Niliyomwambia ndo nayaandika hapa, maana najua wa rika letu ni wengi na hili swali linawajia usiku watu wakiwa wamelala chali wanaangalia dari.

Mi nilianza 2005, niko kidato cha pili. Kulikuwa na intaneti kafe moja mitaa ya karibu na stendi ya Jamatini, chumba kirefu, kompyuta nane, feni moja, na pazia mlangoni la kuzuia vumbi, ila upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua wenyewe, ukitoka pale kibodi imeshakuwa nyekundu. Saa moja elfu, nusu saa mia tano, na kwa mwanafunzi hiyo ilikuwa hela ya maana kwa hiyo tulikuwa tunachanga. Tulikuwa watatu, mimi, mwenzangu wa mtaa wa Kikuyu na mwingine wa mtaa wa Chang'ombe. Tunaingia, "Shikamoo dada," dada wa kafe anaitikia marahaba huku anaandika muda wetu kwenye daftari, tunajibana watatu kwenye kompyuta moja, mmoja anashika mausi, mmoja anaandika, na yule wa Chang'ombe kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia saa ya ukutani na kutuambia zimebaki dakika ngapi.

Watu huniuliza kwa nini hiyo na sio nyingine. Gemu za kucheza na watu wengi mtandaoni zilikuwepo kabla, Ultima Online ilitoka 1997, EverQuest 1999, na World of Warcraft ilikuja mwishoni mwa 2004, lakini hizo zote zilitaka ununue gemu yenyewe halafu ulipe kila mwezi kwa kadi ya benki, sasa mtoto wa Dodoma wa 2005 kadi ya benki ataitoa wapi. RuneScape, ambayo Andrew Gower na ndugu zake waliifungua Januari 2001 kule Uingereza, ilikuwa inafunguka ndani ya brauza, bure, hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kingine nilichokuja kuelewa ukubwani ni kwamba gemu ile inahesabu matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, yaani haina haraka, ukibonyeza mti mtu wako anaenda kukata taratibu. Enzi hizo intaneti yetu ilikuwa inapita kwenye sahani kubwa juu ya bati kwenda satelaiti na kurudi, nyaya za baharini zilifika Dar 2009, kwa hiyo gemu ya kasi isingechezeka kabisa pale. Hii ilichezeka.

Na ilikuwa na ng'ombe jamani. Unaanzia Lumbridge, kuna uwanja wa ng'ombe umezungushiwa uzio, unaua, unachukua ngozi, mfuko wako una nafasi 28 basi, ukijaa unatembea mpaka Al Kharid, mji wa jangwani, kumpelekea mtengeneza ngozi. Sisi watoto wa Ugogoni ng'ombe na jangwa vyote tunavijua, tulijiona tuko nyumbani. Ila getini pa Al Kharid kuna askari wanakutoza sarafu 10 kila ukipita, na hizo sarafu 10 tulizibishania kama mirathi. Yule wa Kikuyu akagundua kwamba ukimaliza kazi ya kumwokoa Mwanamfalme Ali geti linakuwa bure, tukaamua tuifanye, na kwa kuwa maelezo yote ni Kiingereza tukawa tunanakili sentensi kwenye daftari tunaenda kuzitafuta kwenye kamusi nyumbani, tunarudi Jumamosi nyingine na jibu. Wiki tatu. Siku tuliyopita lile geti bila kulipa tulipiga kelele mpaka dada wa kafe akatuambia, "Wadogo zangu, kuna watu wanaandika barua za kazi hapa."

Tulilia pia. 2006 ule mwaka wa ukame, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalishuka sana, mgao wa umeme ukaingia, na umeme ukikatika ukiwa katikati ya mapigano mtu wako anabaki amesimama anapigwa, na ukifa unabaki na vitu vitatu tu vya thamani. Tukachanga tena, tukaanza tena.

Sasa ushauri wenyewe. Nilirudi vibaya, na ningependa wewe urudi vizuri.

Mwishoni mwa 2018 gemu ikaja kwenye simu. Nikashusha usiku ule ule, nikahangaika mpaka nikaipata paswedi yangu ya zamani, naingia moyo unaenda mbio, nakuta mtu mpya wa levo 3 hana kitu. Hili nakwambia mapema lisikuumize kama lilivyoniumiza. Old School ilifunguliwa Februari 2013 baada ya wachezaji kupiga kura, waliirudisha kutoka nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007, ila kila mtu alianza upya kabisa. Mtu wako wa utotoni yuko kwenye ile RuneScape nyingine iliyoendelea kubadilika. Baadaye nilienda kumwangalia, yupo, amesimama na shoka lake, lakini mji umemzidi, sikuujua hata mlango mmoja. Mwangalie mara moja kama utapenda, halafu anza upya na wengine.

Kosa langu kubwa lilifuata. Nikaanza kucheza peke yangu, usiku, mke na watoto wamelala, masikioni earphone, na pembeni nimefungua YouTube ya watu wanaoelekeza njia ya haraka kuliko zote. Kufika levo 99 kwenye ujuzi mmoja unahitaji pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndo kwanza uko nusu ya safari. Nikawa napiga hesabu za pointi kwa saa. Nikawa nalala saa nane, asubuhi naingia kazini macho mekundu, na kitu kilichonitisha ni kwamba nilikuwa sifurahi. Nilikuwa naona kama nadaiwa. Miezi karibu mitano nikaenda hivyo, nikapata levo ambazo kule Jamatini hatukuziota, na sikumbuki hata siku moja kati ya hizo, wakati ile siku ya geti nakumbuka hadi shati alilovaa mwenzangu.

Aliyenifungua macho ni mke wangu. Aliamka kunywa maji, akasimama nyuma yangu akaangalia kidogo, akaniuliza, "Baba watoto, hii si uliniambia mlikuwa mnacheza watatu? Wenzio wako wapi?"

Nilizima simu. Kesho yake nikaanza kutafuta namba.

Kwa hiyo la kwanza, na kwangu mimi ndilo lote, kabla hujaishusha gemu mtafute mtu mmoja mliyecheza naye, na usiseme ntamtafuta nikishapata levo, hapana, mtafute kwanza. Yule wa Kikuyu nilimkuta mwalimu Kondoa, nilipomwambia sababu ya kumpigia alikaa kimya nikadhani mtandao umekata, kumbe anatafuta pa kukaa. "Mwanangu," akasema, "mi nilidhani nakumbuka peke yangu." Wa Chang'ombe tulimpata baada ya mwezi, ana gereji yake Manyoni. Kama huwezi kumpata hata mmoja basi mchukue mtu mwingine wa karibu umfundishe, mdogo wako, jirani, lakini awe mtu unayeweza kumsikia sauti.

La pili wekeni muda wa kafe. Sisi ni Jumamosi saa tatu usiku, saa moja na nusu, basi. Nilikuja kuelewa kwamba lile daftari la dada ndilo lililofanya kila dakika iwe na ladha, ulikuwa unaingia ukijua unataka kufanya nini maana wiki nzima ulikuwa unapanga na wenzako njiani mnatoka shule. Ukicheza bila mwisho unapotea. Jamaa yetu wa Manyoni wakati tunaanza alikuwa na kitochi, hawezi kucheza kabisa, nikawaza tutamwacha nje, yeye akasema niunganisheni kwenye simu tu. Tukamuunganisha, simu zetu tumeweka spika, tunakata miti tunaongea habari za watoto na mvua, na ilipofika saa nne na dakika ishirini tukasikia sauti ile ile ya 2005, "Jamani, zimebaki dakika kumi." Sikuweza kujibu. Sasa hivi ana simu kubwa lakini kazi ya saa hatujampokonya.

Miongozo ya YouTube iacheni. Mkikwama kwameni, mkaulizane katikati ya wiki.

Halafu usinunue dhahabu ya gemu kwa hela halisi na usinunue akaunti ya mtu, na hapa naomba unisikilize. Biashara hiyo ndiyo iliyotuvunjia ule ulimwengu mara ya kwanza. Desemba 2007 kampuni ya gemu iliondoa mapigano ya kule Wilderness, eneo ambalo wachezaji walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na Januari 2008 ikazuia watu kupeana vitu bure, yote kwa ajili ya kuwabana wauza dhahabu, na vilirudi Februari 2011. Siku ile sheria inaanza nilikuwa nampa mwenzangu mapanga yangu ya zamani kama kawaida yetu, gemu ikakataa, inataka naye anipe kitu cha thamani karibu sawa. Sisi tulikuwa tunaishi kwa kupeana. Tuliacha kucheza mwaka huo huo wa 2008, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo.

Matapeli nao bado wapo na maneno yao ni yale yale. 2006 mtu alituambia atatutilia nakshi za dhahabu kwenye deraya yetu bure, tukampa, akapotea. Hakuna mchezaji mwenye uwezo huo, hakuna. Paswedi usimpe mtu hata akijiita nani, na washa ile namba ya pili ya usalama kwenye akaunti. Kuhusu bando usihofu sana, kwa kipindi chetu cha Jumamosi mi naona inakula kidogo kuliko video ya dakika chache, na kulipia uanachama sio lazima, maeneo ya bure yanatosha kabisa kukaa na wenzako.

Mwaka 2021 mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka Mpwapwa, ana miaka 12, akatukuta Jumamosi tunacheza akaomba naye. Tukampa simu ya mke wangu, tukamuanzisha, tukamsubiri Lumbridge, akaua ng'ombe wake, akajaza ngozi, tukatembea wote mpaka getini pa Al Kharid na mfukoni hana hata sarafu moja. Mwalimu wa Kondoa akataka kumpa zile 10. Nikamfungulia sehemu ya kupokea, akaniangalia, akafungua orodha ya kazi za gemu akaisoma taratibu kwa kidole.

"Mjomba, hapa wameandika kuna mwanamfalme."

"Yupo, amefungwa. Ukimwokoa unapita bure, ila ni kazi ndefu."

"Basi mwambieni anko asinipe," akasema, na akaamka kwenda kutafuta kalamu na daftari.