Taya linauma? Vidonge vya vitamini D visikupumbaze

Taya langu lilipoanza kulia "kach" kila nikipiga mwayo, maumivu yakipanda hadi sikioni, jirani yangu wa duka alishaamua: vitamini D. Nikapima damu, na kweli ilikuwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, kiwango ambacho madaktari wengi hukihesabu kuwa upungufu. Upungufu Kampala, hatua chache kutoka Ikweta? Ndiyo. Jua lipo, lakini mimi hushinda na cherehani chumba cha ndani pale Kikuubo, nimejisitiri vizuri, na ngozi nyeusi hutaka muda mrefu zaidi juani ili itengeneze vitamini hiyo.

Vidonge nilimeza. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu, na ikipungua sana mifupa na misuli huuma, kwa hiyo si ajabu watafiti wanaihusisha na maradhi ya kiungo cha taya. Ila matokeo yao hayajakubaliana. Ukiwa na upungufu, utibu kwa ajili ya mifupa yako, na taya ulishughulikie kivyake.

Weka vidole mbele ya masikio, fungua mdomo polepole: utakihisi kiungo kikiteleza. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu, na kikihama kidogo ndipo mlio hutoka. Mlio usio na maumivu kwa kawaida uache tu.

Daktari wa meno alitazama meno yangu yaliyolika akaniuliza, "Dada, mchana meno yako yanagusana?" Sisi mafundi hubana pini kwa meno saa nzima! Kumbe meno ya juu na ya chini hayatakiwi kukutana ila wakati wa kula na kumeza. Pini zikahamia kwenye kimto cha mkononi. Usiku navaa kinga ya plastiki kwa sababu nasaga meno usingizini, na taya likikaza nalikanda kwa kitambaa cha maji moto. Muwa, gonja ngumu (ndizi za kuchoma) na chingamu nimeviweka kando. Matoke yanatosha, pamoja na mukene, dagaa wetu wa ziwani, ambao huliwa na mifupa yake na una kalsiamu tele.

Usijinunulie vidonge vya nguvu kubwa bila kupima. Vitamini D hujilimbikiza mwilini, na ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Na kama mdomo umegoma kufunguka hata vidole vitatu visimame kati ya meno, au shavu limevimba na una homa, achana na makala yangu uende hospitali leo.