Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa shule

Muheza, 18 Januari 2025

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na shikamoo yako nimeiitikia: marahaba. Baba yako anaendelea vizuri na mguu wake, na anakusalimu.

Nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema umekabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu katika shule yenye walimu 14, na watano kati yao walikuwa wakishika chaki kabla wewe hujaandikishwa darasa la kwanza. Katika kikao chako cha kwanza ulieleza kwamba mtaala mpya, ulioanza mwaka jana kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, mwaka huu unaingia darasa la pili na la nne. Mwalimu mmoja mzee akakujibu kwamba mitaala huja na kupita, wao wapo tu, na wenzake wakacheka. Swali lako ni hili: uwaongoze vipi watu waliokuzidi umri na uzoefu katika jambo wasilolitaka, bila kuwavunjia heshima na bila kuiacha shule isimame pale ulipoikuta?

Naanza na yule mwalimu, kwa sababu hakusema uongo. Nilianza kufundisha mwaka 1983. Neno umahiri, ambalo leo mnalisoma katika kila ukurasa wa mihtasari mipya, mimi nililipokea shuleni mwaka 2005, nikaambiwa kwamba tangu siku hiyo mtoto hatakaririshwa tena bali atatenda. Mwalimu mmoja kati yetu alikwenda mafunzoni kwa siku chache, akarudi na daftari, akatusimulia kwa saa moja baada ya chai. Vitabu tulivyokuwa navyo kabatini vilikuwa vilevile, watoto walikuwa wengi kwa dawati moja, na mtihani wa mwisho uliendelea kumuuliza mtoto yale aliyoyakariri. Baada ya muhula mmoja tulikuwa tunaandika umahiri kwenye andalio la somo na kufundisha tulivyozoea. Anayekuambia leo kwamba mitaala huja na kupita anakusimulia miaka hiyo. Ukimjibu kwamba ana mtazamo wa kizamani, utakuwa umemkatalia jambo aliloliona kwa macho yake, na hatakuamini katika lolote utakalosema baadaye. Mwite, umwambie kwamba ni kweli, kisha umuulize ni kitu gani hasa kilikosekana mara ile. Atakupa orodha, nawe utaona kwamba sehemu ya orodha hiyo imo mikononi mwako.

Sasa nikueleze kosa langu, ambalo sikuwahi kukusimulia kwa sababu ulikuwa umeshatoka nyumbani na mimi mwenyewe lilikuwa linaniuma.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, masomo yakapunguzwa ili mtoto ashughulike zaidi na kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika kusoma tulielekezwa kuanza na sauti za herufi. Tulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaribia kustaafu, ambaye maisha yake yote alifundisha kwa silabi, ba be bi bo bu, na watoto wake walisoma. Mimi nilikuwa nimetoka mafunzoni na bidii mpya. Nikaingia darasani kwake, nikakaa nyuma, nikamsikia akiitamka ile herufi ya B kama alivyozoea, nikasimama na kumsahihisha. Nilimsahihisha mbele ya watoto, mwanangu. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiti cha mbele aliyerudia sauti yangu kwa nguvu na kumtazama mwalimu wake aone kama naye atairudia.

Hakuniambia neno. Kuanzia wiki iliyofuata maandalio yake ya somo yakawa mazuri kuliko ya mwalimu yeyote, yameandikwa kwa maneno yote ya mtaala mpya, na mimi nikayasaini nikidhani nimeshinda. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba alikuwa akifunga mlango na kufundisha kwa silabi kama zamani, isipokuwa sasa alikuwa akifundisha kwa hofu, akisikiliza nyayo zangu kwenye veranda. Watoto wa mwaka ule walipata hasara mara mbili, kwa sababu hawakupata njia mpya, wala ile ya zamani haikuwafikia kwa ukamilifu wake.

Niliyojifunza hapo ndiyo ninayotaka uyachukue katika barua hii, hata ukiyasahau mengine. Mwalimu mzee anayekataa jipya, mara nyingi anachokiogopa ni aibu. Amekuwa mtu anayejua kwa miaka thelathini. Wazazi wa kijiji wanamwita mwalimu hata akiwa sokoni. Halafu siku moja unamtaka asimame mbele ya watoto na mbele ya vijana waliotoka chuoni juzi, akiwa hajui. Ukimwondolea aibu hiyo, nusu ya upinzani itaondoka yenyewe, na nusu iliyobaki itakuwa na hoja ambazo unapaswa kuzisikia.

Tazama vishikwambi. Baada ya sensa ya mwaka 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, na umeniandikia kwamba kwako vitatu bado vimo kwenye maboksi yake. Umeandika kwa kulalamika. Mimi nakuuliza: nani aliwaonyesha wenye vishikwambi hivyo namna ya kuviwasha, na alifanya hivyo mbele ya nani? Mtu mzima hawezi kumwomba kijana amfundishe jambo dogo huku chumba kizima cha walimu kinatazama. Atasema hakioni vizuri, au betri imekufa. Mpe muda wa faragha na mtu anayemwamini, ikiwezekana rika lake, na usikiulizie tena mbele ya kikao. Hivyo hivyo kwa PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Nasikia wapo walimu wanaompa nywila kijana wa steshenari awajazie majukumu yao, na sishangai, ingawa ni hatari kwao. Kaa nao mmoja mmoja, mjaze pamoja mara ya kwanza na ya pili.

Narudi kwa yule mama wa darasa la kwanza. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, tuliandikisha watoto wa darasa la kwanza zaidi ya 150 mahali tulipozoea nusu yake, wengine wakikaa chini. Nilikwenda nyumbani kwake jioni moja, nikamwomba radhi. Nikamweleza pia kwamba nataka vipindi viwili kwa wiki katika darasa lake, niwe chini yake, yeye anipangie. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaniuliza kama nitakuja na andalio la somo. Nikamwambia nitakuja nalo na yeye atalisaini.

Katika vipindi vile nilishindwa mbele yake, tena zaidi ya mara moja. Nilifundisha sauti za herufi kama nilivyofundishwa, na watoto wa nyuma hawakusikia tofauti ya sauti mbili kwa sababu ya kelele za darasa lile. Yeye ndiye aliyebuni kuwagawa katika makundi kwa vizibo vya soda vya rangi, kundi moja likija mbele kwa zamu wakati mengine yanaandika kwa vijiti nje kwenye mchanga. Polepole akaanza kuzitumia sauti mwenyewe, akiziunganisha na silabi zake, na kufikia mwezi wa nane alikuwa akiwaeleza walimu wenzake kwa nini sauti humsaidia mtoto anayekutana na neno asilolijua. Kama ningemwamuru asingefika hapo.

Kwa hiyo, mwanangu, ofisi isikutoe darasani. Najua kazi za ofisi ni nyingi, na yote uliyofundishwa ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, kuhusu kumbukumbu na fedha yashike, kwa kuwa mwalimu mkuu asiyejua hesabu za shule yake hana usalama. Lakini chukua angalau somo moja la mtaala mpya, tena lile ambalo walimu wanalikimbia. Umesema ni Sanaa na Michezo darasa la nne. Lichukue. Siku ya kwanza ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, jumuiya ya ujifunzaji ya shule yako itakapokutana, wewe ndiye ufundishe somo mbele yao, nao wakae nyuma na waandike. Mwombe yule aliyesema mitaala huja na kupita aanze kukukosoa. Usijitetee. Andika anachosema, na wiki inayofuata ufundishe tena ukiwa umerekebisha jambo moja kati ya aliyoyasema, ili wote walione. Watu wakishaona mkuu wao amekosolewa na hakudhurika, atatokea wa pili wa kujitolea. Usimchague wewe.

Kuna kundi jingine usilisahau, nalo ni wale ambao somo lao limeondoka. Mtu aliyefundisha Maarifa ya Jamii au Uraia na Maadili kwa miaka, leo anakuta Historia ya Tanzania na Maadili upande mmoja na Jiografia na Mazingira upande mwingine, anajiona kama mpangaji aliyehamishiwa vyombo akiwa safarini. Kabla hujapanga ratiba, keti naye na mihtasari yote miwili, ya zamani na mpya, mtie alama mada anazozijua tayari. Mara nyingi ni nyingi kuliko anavyodhani. Ratiba itakayotoka hapo ataitetea, maana amekuwa na mkono ndani yake.

Vilevile waambie mapema yale yanayokuja, hata yale mazito. Hawa watoto wako wa darasa la nne, kwa mtaala mpya, watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa darasa la tano wa sasa, walio kwenye mtaala wa zamani, watamaliza la saba. Makundi mawili yatatoka kwa pamoja. Hilo lina maana kwa vyumba, kwa mitihani ya majaribio, kwa nani atafundisha nini. Mkuu anayelijua jambo kama hilo na kulificha ili asiwatishe walimu, hulipa kwa gharama kubwa siku wanapolisikia kwa dereva wa bodaboda. Lete hesabu hiyo kikaoni mwaka huu, na waachie mwalimu wa taaluma na wenzake walete mpango wa kwanza. Wewe utaurekebisha.

Kuhusu fedha nasema machache. Ruzuku inayoingia moja kwa moja shuleni ni Sh. 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, yaani shule ya watoto 600 kama yako inapata kiasi cha Sh. 300,000 kwa mwezi ikija yote. Ibandike kwenye ubao wa matangazo kila inapoingia, pamoja na matumizi, na hakikisha walimu wanaiona siku ileile kamati ya shule inapoiona. Walimu wanajua pia kwamba wewe unapata posho ya madaraka ya Sh. 200,000 kila mwezi na wao hawapati. Hakuna atakayekuambia, ila wanapima. Siku ya mvua wanatazama nani amefika kwanza.

Umeniuliza pia, mwishoni kabisa, kama ni haki kumwandikia barua ya onyo anayekataa kabisa. Ndiyo, ipo siku itabidi. Anayekosa vipindi, anayekuja amelewa, anayemdhuru mtoto, huyo usimbembeleze kwa jina la heshima ya umri, kwa sababu watoto hawana mtu mwingine wa kuwasemea. Lakini huyo ni tofauti na mwalimu anayeingia darasani kila siku kwa wakati na kufundisha kwa njia ya zamani. Wa kwanza ameiacha kazi. Wa pili bado anaipenda, na ukimchanganya na wa kwanza hata mara moja, chumba chote cha walimu kitasimama upande wake, nami nitaona wana haki.

Nisome vizuri hapo kwenye kuomba radhi. Si lazima usubiri kosa kubwa kama langu. Umeandika kwamba siku ya kikao, baada ya wale kucheka, uliwajibu kwa ukali na kutaja kwamba wewe ndiye uliyeteuliwa. Jumatatu, kabla ya kengele ya mstari, mtafute yule mzee akiwa peke yake, umwamkie kama unavyomwamkia baba yako, umwambie kwamba jibu lile halikuwa zuri. Usiongeze maelezo. Halafu umuulize juu ya mwaka 2005.

Ukija Pasaka, niletee muhtasari wa Sanaa na Michezo wa darasa la nne na azimio lako la kazi, tukae nalo kibarazani. Ila usingoje Pasaka kuniandikia amekujibu nini.

Ni mimi mama yako.