Jibu: tabaka za grafaiti zinaachana, na sodiamu haikai

Mdogo wangu wa Ngamiani nimekusoma, unasema kwenye hesabu zako za kompyuta za betri tabaka za grafaiti zinaachana, halafu sodiamu inagoma kukaa kati yake, ila hayo ni matatizo mawili usiyachanganye. Tabaka kuachana ni PBE tupu (njia ya kukadiria nishati ya elektroni), haioni ule mvuto dhaifu wa van der Waals unaoshika tabaka, we washa D3 (nyongeza ya mvuto huo) kwenye Quantum ESPRESSO, ile programu ya hesabu hizi, uone nafasi kati ya tabaka inarudi karibu na angstromu 3.35 (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), mi hilo lilinila wiki mbili laptop inachemka na umeme wa huku Chumbageni unakatika, so sevu kila hatua. Sodiamu kugoma sio kosa lako, hata maabara grafaiti karibu inaikataa kabisa, lithiamu ndo inaingia mpaka LiC6 (lithiamu moja kwa kaboni sita), yaani chaji ya 372 mAh kwa gramu. Voltiji ikitoka hasi maana yake sodiamu inapendelea kubaki metali. Jaribu MoS2 (molibdenamu na salfa), tabaka zake zina nafasi zaidi (sodiamu imo kwenye chumvi, na chumvi Tanga ipo tele, usiikatie tamaa). Ripoti mwonyeshe msimamizi kwanza.